Bima Inafika India, Sikio Liko Sekenke

Magonjwa yana vyeo. Ukiugua moyo, ndugu wanapanda basi kutoka Nzega na Mwanza, wanafika na mchele wao wa kupika, na mchungaji anakutaja kwa jina madhabahuni. Ukivunjika mguu, hata wanaokudai wanakuongezea muda. Lakini jaribu kuziba sikio kwa nta. Hakuna atakayekuletea hata ndizi. Watacheka kwanza, na wakimaliza watakuuliza kama huwa unaoga.

Naoga. Naliweka hilo wazi mapema ili tusije tukakwazana mbele ya safari.

Kazi yangu ni ukarani kwenye karasha hapa Sekenke, wilayani Iramba. Kwa wasomaji wa mijini mnaodhani dhahabu huokotwa ikiwa pete tayari, karasha ni mashine ya kuvunja na kusaga mawe, na mimi ndiye ninayeandika: viroba vingapi, vya nani, vimetoka duara lipi, yaani shimo lipi la kuchimbia. Kelele zake nisizieleze, maana mwenyewe sikuzisikia zote. Bosi wetu anawaogopa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi kuliko anavyomwogopa Mungu, kwa hiyo alitununulia vizibo vya masikio, vile vya sponji, akaamuru tuvivae kutwa. Nikavaa, maana mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Vijana wa duarani wao walivitumia kuzibia madumu ya dizeli, na hadi leo wanasikia hata mtu akitaja ugali kutoka ng'ambo ya kilima.

Tabibu amenikataza kuwaonea wivu. Anasema kelele za karasha zinawala polepole, na uziwi wa kelele ukishaingia hautolewi kwa maji wala kwa dawa. Sawa. Lakini mpaka huo wao uje, wangu ulikuwa umeshafika.

Maana sikio, nimeelezwa, lina akili kuliko mwenye nalo. Nta si uchafu. Inatengenezwa na tezi zilizo kwenye theluthi ya nje ya njia ya sikio, na kazi yake ni kunasa vumbi, kukera wadudu na kuzuia maji na vijidudu visifike ndani. Ikishazeeka inatoka yenyewe, kwa sababu ngozi ya njia ile inakua ikielekea nje, na kila ukitafuna au kuongea, taya inaisogeza kidogo. Yaani mtu anayeongea sana anajisafisha masikio bure. Kwa hesabu hiyo, shemeji yangu ndiye mwenye masikio safi kuliko yote nchini.

Kinachoharibu mpango ni chochote unachosukuma ndani: kizibo, spika za masikioni, kifaa cha kusaidia kusikia, kijiti cha pamba. Nta ilikuwa njiani kutoka, unairudisha. Unairudisha tena kesho. Inakauka, inashindiliwa, inakuwa mwamba.

Mwanzoni nililaumu mlima. Nilikuwa natoka Misigiri, na anayeijua barabara ya Singida kwenda Nzega anajua Mlima Sekenke: malori ya Mwanza na Rwanda yanateremka yakilalamika kwa breki, na abiria nusu yao wanasali. Wakati wa kuteremka masikio huziba, si ajabu. Kondakta akaniambia meza mate. Nikameza. Akaniambia piga miayo. Nikapiga. Akaniambia bana pua upulize, nikapuliza mpaka bibi aliyekaa kiti cha mbele akahamia dirishani. Tukafika Shelui, wenzangu wote wamezibuka, mimi bado. Baadaye nikaelezwa kwamba ile ya mlimani ni hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio, ndiyo inayofunguka kwa kumeza mate. Yangu ilikuwa mbele ya ngoma. Ningemeza mate ya wilaya nzima bila mafanikio.

Tangu hapo maisha yakawa ya kubahatisha. Karashani kijana anapiga kelele "Sita!" mimi naandika tisa. Mwenye mawe anafurahi, bosi ananuna. Kesho inakuwa "Tisa!" naandika sita, na mwenye mawe anatafuta nyundo. Nyumbani mama watoto aliniagiza mkaa, nikaleta mkate. Akaupokea bila neno, akauweka juu ya jiko tupu, akanitazama. Msibani mwenyekiti wa kitongoji alisema tutoe pole kwa wafiwa. Mimi nikasikia posho, nikanyoosha mkono kuuliza ni shilingi ngapi kwa kila kichwa. Tangu siku ile ukoo ule hunisalimia kwa kidevu.

Na sikio lililoziba halizibi tu. Linajaa, linawasha, linapiga mluzi usiku wakati hata mbwa wamelala. Ukigeuka ghafla, nyumba inakuja nyuma yako kwa kuchelewa. Na linakohoza! Ndani ya njia ya sikio kuna tawi dogo la neva ileile inayohudumia koo, kwa hiyo nta ikiligusa, koo linadhani limeitwa. Sasa kohoa kwenye eneo la wachimbaji uone. Huku vumbi la mawe na kifua kikuu vinajulikana kwa majina, na mtu akikohoa mara mbili tu, benchi linakuwa lake peke yake. Nilipimwa makohozi kabla hajatokea mtu wa kunichungulia sikio.

Wa kunichokoa ndio waliojaa. Niseme ukweli kuhusu mahali hapa: Sekenke tunachimba. Mgodi ulianza enzi za Wajerumani, mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Tembo! Mnyama mwenye masikio kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumchokonoa. Mgodi mkubwa ulifungwa miaka mingi iliyopita, lakini wachimbaji wadogo wako hapa hadi leo, na mtu aliyezoea kuchimba akiona tundu mkono wake hautulii. Sikio langu liligeuka duara. Kila aliyepita alikuwa na leseni yake ya utafiti.

Wa kwanza alitoa ufunguo wa pikipiki. Alikuwa ameshaupangusa kwenye suruali, nikakimbia. Wa pili, mzee wa heshima zake, akaleta unyoya wa kuku. Singida inajulikana kwa kuku wake wa kienyeji, kwa hiyo vifaa vya upasuaji wa aina hiyo hatuna uhaba navyo. Wa tatu akashauri njiti ya kiberiti, upande usio na baruti, akaona hapo ametaja usalama wa hali ya juu. Mwingine akasema kifuniko cha kalamu. Mama mkwe akapasha moto mafuta ya alizeti, maana katika mkoa huu alizeti ni jibu la kila swali, na kama nisingeuliza yamepata moto kiasi gani, leo sikio hili lingekuwa linaliwa kwa chumvi na limao. Kijana mmoja aliyewahi kukaa mjini akaeleza habari za mshumaa wenye tundu, unaochomekwa sikioni na kuwashwa juu, eti moto unafyonza nta. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeshawaonya watu wake kuhusu mishumaa hiyo, kwamba inaunguza na haifyonzi kitu. Hiyo nta mnayoiona imebaki kwenye mshumaa ni nta ya mshumaa.

Wala msinitajie vijiti vya pamba. Vilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1920, na leo pakiti nyingi zina onyo: usiingize ndani ya sikio. Watu wananunua pakiti, wanatupa onyo, wanaingiza.

Sasa nifike kwenye donge langu, na hapa nazungumzia lililo rohoni.

Nina bima. Bima ya afya, tena binafsi, si mchezo. Bosi alitukatia wafanyakazi wake wote, na kampuni yenyewe siitaji, maana nasikia wanasheria wao hawana tatizo la masikio. Wakala alikuja hapa amevaa tai kwenye vumbi la karasha, jambo ambalo peke yake lingetutia shaka. Akatufungulia kompyuta mpakato juu ya mfuko wa saruji. Ukipata saratani, upo salama. Ukipasuliwa kichwa, upo salama. Figo, salama. Ikibidi upelekwe India, ndege ipo. Tulipiga makofi. Wachimbaji wawili walitoka pale wanaitamani India. Hakuna aliyenyoosha mkono akauliza: je, nikiziba sikio?

Nikapiga ile namba iliyo nyuma ya kadi. Kwanza muziki. Mtu kaziba sikio, mnampigia muziki! Nikahamishia simu upande mzima, kidogo akapokea binti mwenye adabu zote.

"Ndugu mteja, tatizo hili lilikuwepo kabla hujajiunga nasi?"

"Tatizo lipi, la nta?"

"Ndiyo."

"Dada yangu, nta nimezaliwa nayo."

Nikasikia anaandika. Hapo ndipo nilipoponzwa na ukweli. "Basi hiyo ni hali iliyokuwepo kabla ya bima," akasema, "na hali za namna hiyo zina muda wa kusubiri." Nikamuuliza kama yupo mwanachama wao yeyote aliyezaliwa bila nta. Akasema hilo atalipeleka kwa wahusika.

Kisha akauliza kama nahitaji matibabu au usafishaji, kwa sababu usafishaji ni usafi binafsi na umo kwenye orodha ya vitu visivyolipiwa. Orodha yenyewe iko ukurasa wa mwisho, imeandikwa kwa herufi ambazo kuzisoma unahitaji miwani, nayo miwani imetajwa humohumo kwamba hailipiwi. Nikamwambia nahitaji kusikia. Akasema kwa kusikia lazima nionwe na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na kwa bingwa lazima kiwepo kibali, na kibali kinaombwa na hospitali iliyo kwenye orodha yao. Nikaomba nisomewe iliyo karibu. Akanisomea. Kuifikia ningepanda Mlima Sekenke, nipite Misigiri, niipungie mkono Singida mjini, kisha niingie mkoa mwingine. "Au," akasema kwa huruma, "jilipie mwenyewe popote, ulete risiti ya EFD, fomu ya madai yenye muhuri, na maelezo ya daktari, tutarejesha kadiri ya kikomo chako cha mgonjwa wa nje."

Kikomo changu cha mgonjwa wa nje! Mimi nilikuwa sijui hata kama nina nje.

Nimekaa nikatafakari biashara hii, na nadhani nimeielewa. Sote tunachanga, wachache wanaugua, pesa za wengi zinawatibu wachache. Hapo ni jambo jema kabisa. Ila India ni rahisi kuiahidi kwa sababu ni mmoja katika maelfu atakayekwenda. Nta ni ya kila mtu. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2017 unasema nta huziba masikio ya mtoto 1 kati ya 10, mtu mzima 1 kati ya 20, na zaidi ya theluthi ya wazee. Kampuni ikifungua mlango huo, tutaingia wengi, kila mmoja na dai la pesa kidogo ambalo kulipitia mezani kunaweza kugharimu kuliko kulilipa. Kwa hiyo mlango unawekewa fomu. Kwa mwenye kampuni hiyo ni busara. Kwa mwenye sikio ni balaa.

Na msidhani ni sisi tu. Huko Marekani nta ina namba. Daktari akiitoa kwa vifaa, anaandika 69210; akiitoa kwa maji, anaandika 69209; na ili bima ilipe, nta lazima iwe imeshindiliwa kweli, si ile inayojipitisha tu. Yaani nta laini ni mali yako, ikigeuka mwamba ndipo inakuwa ya kampuni. Uingereza, nchi inayojisifu kwa matibabu ya bure, kuosha masikio hakumo tena miongoni mwa kazi ambazo daktari wa mtaa analazimika kuzifanya, na wazee wengi wanakwenda kulipa pauni 50 na zaidi kwenye maduka ya miwani. Duka la miwani! Nilipoyasoma hayo nilipata faraja kidogo, ile ya kujua kwamba mnalia wengi.

Kinachoniuma zaidi ni jiografia. Shuka mlima huu, pita Shelui, vuka mbuga ya Wembere, unaingia Igunga. Pale Igunga ndipo ulipoanzia Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, kwa majaribio mwaka 1996, kabla ya Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ya 1999, kabla ya wakala yeyote mwenye tai. Kaya ilichanga kidogo kwa mwaka, ikatibiwa zahanati ya karibu. Sheria yake ikaja 2001, na ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya hadi watu sita huku mikoani ikawekewa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mama mkwe alikuwa nayo kadi hiyo. Nilikuwa nikiicheka, ilivyochakaa, nikiilinganisha na yangu ya plastiki yenye nembo inayong'aa. Yeye alipoziba masikio, alikwenda zahanati kwa miguu, akaambiwa dawa ya matone hakuna akanunue duka la dawa muhimu, akanung'unika njia nzima, akanunua, akarudi, akaoshwa. Na leo anasikia kila ninachomsema.

Sisemi CHF ilikuwa pepo. "Dawa hakuna" ndio wimbo wake, na kila mwenye kadi aliujua. Sisemi pia kwamba kadi kubwa ndiyo kinga: Machi 2024 tulishuhudia hospitali kadhaa binafsi zikisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa sababu ya kutoelewana juu ya kitita kipya cha bei, na watu wenye kadi halali wakageuzwa mapokezi. Ninachosema ni kimoja tu: kadi ya mama mkwe ilijua njia ya kwenda zahanati. Yangu ilijua njia ya uwanja wa ndege.

Mwisho nikaenda kulekule zahanati kwa mama mkwe, na pesa zangu mkononi. Tabibu, kijana mpole, akachukua kile kitochi cha kuchungulia masikio, akachungulia, akanyamaza, akamwita muuguzi naye achungulie. Hakuna anayependa kuwa na sikio la kuitiana watu.

"Mzee," akasema, "huku kuna mwamba."

"Una dhahabu?"

"Hapana, nta tu."

Kabla ya kugusa kitu aliniuliza maswali ambayo hakuna hata mmoja wa wenye ufunguo na unyoya aliyewahi kuniuliza. Sikio limewahi kutoa usaha? Nimewahi kuambiwa ngoma imetoboka? Nimewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Nina kisukari? Maana ngoma ikiwa na tundu, maji unayopiga yanapita moja kwa moja hadi ndani na kupeleka maambukizi, na mwenye kisukari sikio lake likichubuka kidogo linaweza kumletea makubwa. Hizo ndizo kazi za kumwona mtu aliyesoma. Kisha akanipa matone ya kulainisha, akasema niende nikatumie siku kadhaa, nilaze kichwa upande, nisichokoe.

Niliporudi, alipasha maji yakawa na uvuguvugu wa mwili. Nikamuuliza mbona anahangaika, si apige tu ya bombani. Akanieleza kwamba maji baridi yakiingia sikioni yanachezea kiungo cha mizani kilichomo ndani na kichwa kinazunguka vibaya. Nikaja kusoma kwamba aliyelifafanua jambo hilo ni daktari wa Vienna, Robert Bárány, aliyekuwa akiosha masikio ya wagonjwa na kuona wanapata kizunguzungu kulingana na joto la maji. Akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Naomba mlisome tena hilo, hasa ninyi mlio kwenye ofisi zenye viyoyozi: mtu ametunukiwa Nobel kwa jambo alilolianzia kwenye kuosha masikio, ninyi mnaniandikia usafi binafsi.

Bomba la sindano lisilo na sindano, beseni chini ya shingo, maji yakaingia taratibu, mara mwamba ukaporomoka. Sitaueleza, watu wengine mnasoma mkila. Nilisikia dunia yote kwa mkupuo: karasha, jogoo, lori linateremka mlimani, na muuguzi akiwasimulia wenzake chumba cha pili kuhusu sikio langu. Gharama yote haikufika robo ya nauli ya kwenda kule nilikoelekezwa na kadi. Risiti na fomu nimezituma. Wananijibu kwamba dai langu linashughulikiwa, na sasa nawasikia vizuri sana wanaponiambia hivyo.

Mtasema nimelalamika sana kwa jambo dogo. Si dogo. Nenda darasani ukaone mtoto anayeitwa mara mbili haitiki, anaambiwa ni kiburi, anasogezwa nyuma, na huko nyuma ndiko anakoshindwa kusikia kabisa. Mwisho wa mwaka anaitwa mjinga, na hakuna aliyemulika sikio lake. Nenda kwa wazee, wale ambao zaidi ya theluthi yao wamezibwa. Mzee anajibu nje ya swali, wanawe wanaanza kunong'ona kwamba akili zimeanza kuhama, wanagawana mashamba kwa macho. Kumbe babu wa watu angerudi barazani kwa matone na beseni la maji. Shirika la Afya Duniani linasema uziwi wa watoto, kwa asilimia 60 hivi, unatokana na mambo yanayozuilika. Wanaadhimisha hata siku ya kusikia, kila Machi 3. Huku kwetu haijafika, labda nayo inasubiri kibali.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023. Sina ugomvi nayo. Ninaomba tu wanaopanga vitita wakumbuke kwamba "wote" wana masikio, na masikio yako vijijini, si kwenye hospitali za rufaa. Beseni, bomba, kitochi na matone vikiwepo zahanati, na tabibu aliyefundishwa kuvitumia, kazi imekwisha.

Na ninyi wenzangu mnaosainishwa bima binafsi, wakala akija na ndege yake, msimuulize habari za India. Muulizeni ya sikio, ya jino, ya mtoto mwenye homa saa nne usiku. Muulizeni hospitali ya orodha yenu iliyo karibu ni ipi, aitaje kwa jina, na nauli ya kufika huko. Muulizeni nini kisicholipiwa, asome ukurasa wa mwisho kwa sauti. Akikataa dai lenu bila sababu ya maana, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima; kawasumbueni, ndiyo kazi yao. Bima iliyoshindwa kutoa nta Sekenke, msiitegemee kutoa uvimbe India.

Sikio likiziba, nendeni mkachunguliwe na mtu aliyesomea. Ufunguo ni wa pikipiki, njiti ni ya jiko, na unyoya mwachieni kuku.